Siku Isiyohitaji Ushahidi

Rajabu alinipigia simu alfajiri, bado nimekaa juu ya mswala. "Shikamoo mama," akasema. "Mzee ametutoka." Nikaitikia marahaba, nikasema innalillahi kama inavyotakiwa. Mzee Selemani, baba yake, alikuwa mnyapara wetu shambani na imamu wetu msikitini, na tangu mwaka ule tulipotoka mahakamani Kilosa sikuwahi tena kula naye wala kumpa mkono. Rajabu akasema wanazika baada ya adhuhuri, na akanisihi nifike kabla hawajamtoa nyumbani. "Nakuomba sana mama, usikose." Nilimwambia nitaangalia. Binti yangu Mwajuma, ambaye ni mwalimu hapa Mikumi, alikuwa mlangoni anasikiliza. Akaniuliza, "Utakwenda?" Nikamjibu kwamba miguu inaniuma. Mwajuma ananijua. Akaniletea viatu vyangu, akaviweka mbele yangu. Watu husema mtu akifa chuki nazo huzikwa. Wanaosema hivyo hawajawahi kuchukia sawasawa. Mimi yangu niliiamsha kila Idd kwa miaka yote hii, na asubuhi ile, huku natafuta kanga ya kuvaa, nilijiona kama mtu aliyekimbizana na mwenzake maisha mazima, halafu mwenzake kaketi chini. Nililia kidogo, sitaki kusema uongo. Sikujua namlilia nani.

Mwaka wenyewe ulianza jioni ya mawingu, mwisho wa Ramadhani, katika shamba la Serikali upande wa kaskazini wa Kilosa. Jina la shamba siliandiki, kwa kuwa wapo watu wamezeeka pale na sitaki kuwasumbua. Mimi na mume wangu Hamisi, dereva wa trekta, tulikuwa na vyumba viwili vya bati katika safu ya nyumba za wafanyakazi, ukuta mmoja ukinuka mbolea kwa sababu nyuma yake ndiko ilikokuwa ghala. Hata leo nikipita mahali panapouzwa mbolea, naona kitanda chetu cha kamba na ovaroli yake imetundikwa msumarini. Jioni ile nilikuwa nimepika futari ya magimbi ya nazi na uji wa pilipili manga, nikabeba sahani nikawafuata wanaume kwenye tuta la mfereji, maana wote walikuwa wamesimama pale wanautafuta mwezi. Mwezi gani! Masika ilikuwa imeshuka juu ya milima ya Kilosa, hata milima yenyewe ilikuwa haionekani. Mzee Selemani alisimama mbele ya wote, kofia kairudisha nyuma, macho kayakaza, akasema hakuna kitu, tunakamilisha thelathini. Hapo akafika muuza samaki na baiskeli yake kutoka mjini. Akasema, "Jamani, ninyi mnatazama nini? Wenzenu Kilosa wanachambua mchele wa pilau. Redio imetangaza, kesho Idd." Redio zetu betri zilikuwa zimekufa, tulikuwa tunazianika juani kila mchana ili zipate pumzi, na yenye betri nzima ilikuwa ya meneja, naye alikwishakwenda kwao kwa sikukuu. Watu wakamtazama imamu. Mzee Selemani akasema, "Redio haioni mwezi. Redio inaambiwa." Wakacheka, na wakakubali. Ndiyo desturi yetu, imamu wako akisema fungua unafungua, akisema funga unafunga. Kama kuna kosa, liko shingoni mwake.

Asubuhi ile kengele ililia. Si kengele ya kanisa wala ya shule, ni kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti mbele ya ofisi, na mnyapara akikigonga, wafanyakazi wanakusanyika kugawiwa kazi. Kwa imamu aliyefunga, siku ile ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, akagonga. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Mimi nilikuwa na mimba ya Mwajuma, sikuwa nafunga, nilikuwa nakoroga chai. Hamisi alivaa ovaroli mlangoni akinitania, "Wewe na huyo mtoto wako mnakula Idd peke yenu, eti? Mniwekee basi." Nikamwambia, "Nenda zako, usinitamanie chai." Maneno yangu ya mwisho kwake ni hayo. Nimewahi kusikia wajane wengine wakisimulia waume zao walivyowaaga kwa mapenzi, nami huwa nanyamaza. Alitumwa na Mzee Selemani kuwapelekea maji wapaliliaji, mapipa juu ya tela. Breki ya trekta lile ilikuwa inashika upande mmoja, na Hamisi alikuwa ameisema ofisini mpaka akachoka. Kwenye mteremko wa mfereji, penye tope, breki ikashika upande wake mmoja kama kawaida yake, trekta likapinduka. Walipomleta alikuwa ameshakwisha. Alikufa na funga yake, midomo mikavu, na mimi nilikuwa nimeshiba.

Kitu ambacho hakinitoki ni waombolezaji. Ndugu na rafiki zetu wa mjini walikuwa wametoka kuswali Idd, habari ikawakuta katikati ya sherehe, wakaja vilevile walivyo. Wanaume kanzu mpya zenye mikunjo ya dukani, wanawake mikono imejaa hina, watoto gauni za mitumba zilizoshonwa upya na riboni kichwani. Walinikumbatia wakinuka hiliki na mafuta ya nazi. Na wenyeji wa shamba, waliofunga, walikaa upande wa pili, midomo imewakauka, wanawatazama wale wa mjini. Msiba mmoja ulikuwa na siku mbili ndani yake. Hata kabla ya kuzika, nje kulikuwa na minong'ono: ninyi mmefunga siku ya Idd, ni haramu; ninyi mmefungua mwezi haujaandama, ni haramu. Nilikuwa nasikia nikiwa ndani, nimekaa kwenye mkeka, nikasema moyoni, jamani, mzikeni mume wangu kwanza. Kabla jua halijatua meneja akarudi. Hakuniuliza hali. Alisimama uani akauliza kwa sauti, "Nani aliyemruhusu huyu kutoa trekta siku ya sikukuu?" Akaandika hivyohivyo katika taarifa yake: dereva alichukua chombo cha Serikali bila idhini, siku ya mapumziko, kwa shughuli zake binafsi. Daftari la mahudhurio la siku ile halikuwa na alama hata moja, maana karani naye alikuwa kwao anakula pilau. Kwa ufupi, Hamisi wangu alizikwa akiwa dereva, kulipokucha akawa mwizi. Eda yenyewe sijaikalia sawasawa, wakataka vyumba vyao.

Nikaenda Mikumi kwa dada yangu Tatu, aliyekuwa na mgahawa kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuingia mbugani. Eda niliimalizia pale, nyuma ya jiko. Chumba changu kilitengwa na meza za wateja kwa mabanzi, na kati ya ubao na ubao kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Nilisikia kila kitu. Kilikuwa kipindi cha ruksa, na madereva hawakuwa na hadithi nyingine: nani kaleta basi lake binafsi, sukari ya nje inauzwa wapi, shirika lipi linavunjwa, nani kapunguzwa kazi. Dada Tatu alikuwa anawatilia wali maharage na mchicha, samaki siku akibahatika, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili aliyotengeneza. Lori likipanda kilima na kubadilisha gia, mimi nyuma ya mabanzi nilishika tumbo, kwa sababu ule mgurumo ulikuwa wa trekta. Nilijua si trekta. Nilishika tu. Mchana mmoja nikamsikia mteja aliyetoka Kilosa akisimulia huku anatafuna, "Si umesikia wa shamba la Serikali? Jamaa kaiba trekta siku ya Idd akamtembelee hawara, likamlalia." Wakacheka. Mwingine akasema, "Idd njema hiyo!" Nilisikia upawa ukianguka, kisha sauti ya dada: "Toka. Acha hiyo sahani yangu, toka. Mwenye mume huyo yuko nyuma hapo anasikia." Viti vikakwaruza. Ndipo nikajua kwamba mtoto aliye tumboni hatazaliwa kama mtoto wa Hamisi. Atazaliwa kama mtoto wa yule mwizi wa trekta. Sikutaka kingine chochote mwaka ule. Nilitaka mtu mwenye muhuri aseme kwa sauti: Hamisi alitumwa.

Wakili Mhina alikuwa mteja wa dada, mtu mnene, mpole, aliyepita Mikumi kila alipokwenda Iringa kwa kesi zake, na aliyependa kisamvu kupita kiasi. Dada alimketisha akamwambia habari yangu yote. Alisikiliza mpaka ugali ukapoa, kisha akauliza, "Shamba ni la nani hasa? La shirika au la wizara?" Nikasema la wizara. Akapumua. "Mdogo wangu," akaniambia, "hapo unataka kuishtaki Serikali yenyewe. Na Serikali haishtakiwi mpaka ikubali kushtakiwa. Tunapeleka maombi kwa Waziri, Waziri akitoa kibali ndipo tunaingia mahakamani." Dada Tatu akashika kiuno. "Yaani mtu akinipiga, niende kumwomba ruhusa nimshtaki?" Wakili akasema ndiyo, sheria ndivyo ilivyo, fikiria mwenye nyumba ambaye ufunguo wa baraza la usuluhishi anautia mfukoni mwake. "Loo!" dada akasema. "Kesi ya nyani umpelekee ngedere! Kila kitu sasa hivi ruksa, isipokuwa hiki." Tukaandika maombi. Tukangoja. Mwajuma akazaliwa, akakaa, akaota meno, majibu hakuna. Wakili kila akipita anatikisa kichwa kabla hajashuka garini, ili nisimkimbilie bure. Halafu siku moja akashuka anacheka, akaagiza kisamvu cha watu wawili. Akasema majaji wa juu wameona kile kibali ni kinyume cha Katiba, mlango umefunguliwa, sasa tunaipa Serikali taarifa tu, tunangoja muda wake uishe, tunaingia. Nilimwita malaika. Yeye alikuwa anatazama sahani.

Lakini mashahidi ndio walikuwa mlango wa pili. Shambani yale ya mwezi yalikuwa yamekuwa ugomvi kweli, watu walikuwa hawapeani salamu, mtoto wa huku hachezi na wa kule, hata msikiti ulitaka kugawanyika. Wazee wakatoka Kilosa kuja kusuluhisha, wakakaa, wakala pamoja, mwisho wakasoma Fatiha kwamba habari ya ile siku imezikwa, hakuna atakayeitaja tena, si kwa mzaha si kwa hasira. Asiyejua Fatiha ya suluhu ni nini kwetu hataelewa. Si mkataba wa kuvunja ukalipa faini. Basi kila mfanyakazi wakili aliyemwendea alimwambia, "Tulisoma Fatiha, bwana." Na wengine waliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba shamba linapunguza watu na wao wana watoto. Sikuwalaumu sana. Akabaki Mzee Selemani, aliyegonga kengele na aliyemtuma. Huyo alikuja Mikumi mwenyewe, kwa treni ya Kidatu, kikapu cha mahindi mabichi mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba ampakate Mwajuma, akamsomea dua. Dada akampikia kuku. Alikula polepole akiwa ameinama, kisha akanawa mikono, akasema, "Mwanangu Asha, mimi ndiye niliyemtuma mumeo. Fatiha ni Fatiha, lakini damu ni damu. Nitakwenda kusema." Nikamshika mkono nikaubusu. Wallahi niliubusu. Nikalala siku hizo usingizi wa mtu aliyeshinda.

Jaji alikuja Kilosa kwa kikao, akatumia jengo la Mahakama ya Wilaya, lenye madirisha yanayotazama miembe na popo wake. Watu huniambia kesi za siku zile zilichukua miaka, yangu ilikwendaje haraka? Sijui. Labda Mungu hakutaka ningoje sana ndipo nishindwe. Nilivaa kanga mpya ya dada, Mwajuma mgongoni kwake. Mabenchi yalijaa, na benchi la mbele walikaa wale wazee wa Kilosa walioongoza suluhu, makofia safi, fimbo katikati ya magoti. Mwanasheria wa Serikali alikuwa kijana mwenye adabu, alinisalimia mlangoni shikamoo ingawa nilikuwa karibu rika lake. Hakupiga kelele, hakunitukana. Alisimama akasema, "Mheshimiwa Jaji, kabla hatujaendelea, naiomba mahakama yako itambue, bila kuhitaji ushahidi, kwamba tarehe ya ajali ilikuwa sikukuu ya Idd el Fitri, siku ya mapumziko nchi nzima." Jaji hakufikiri hata kidogo. Akaandika huku anasema, "Mahakama inatambua." Nikamgeukia wakili wangu, nikamnong'oneza, "Mbona hajauliza mtu?" Naye akaninong'oneza kwamba yako mambo mahakama inayajua yenyewe, hayathibitishwi: kwamba jua huzama, kwamba Kilosa ni wilaya ya Morogoro, kwamba muhuri wa Serikali ni muhuri wa Serikali, na sikukuu za taifa ni siku gani. Nikasema, "Na mawingu je? Mawingu inayajua?" Akanibonyeza mkono ninyamaze.

Nikapanda mimi kizimbani, nikasema kengele niliisikia. Yule kijana akaniuliza kwa upole kama kengele ile haigongwi pia kwa moto au msiba. Nikasema hugongwa. Akasema ahsante mama, akakaa. Kisha akaitwa Mzee Selemani. Alishika Msahafu, akaapa, sauti ilikuwa nzima. Wakili Mhina akamuuliza asubuhi ile alikuwa wapi. "Shambani." Alikuwa anafanya nini? Mzee akafungua mdomo, na kabla hajasema, Jaji akainua kalamu. Mpaka leo nikimkumbuka sioni ubaya usoni mwake. Alikuwa mtu anayetaka kuelewa, basi. Akasema, "Mzee wangu, samahani, nisaidie. Mahakama imeshatambua kwamba siku hiyo ilikuwa Idd. Nimeambiwa wewe ni imamu. Je, kwa dini yenu inaruhusiwa kufunga siku ya Idd?" Mzee akajibu, "Hairuhusiwi, Mheshimiwa. Ni haramu." "Na wewe siku ile ulifunga?"

Popo walikuwa wanapiga kelele miembeni. Mzee Selemani akalitazama benchi la mbele. Wale wazee hawakumtisha, hawakukunja uso, walikuwa wanamtazama tu. Kusema ndiyo ilikuwa ni kuifukua ile siku mbele yao, baada ya Fatiha, na kukiri kizimbani kwamba aliwafungisha waumini wake siku ambayo Serikali, redio, Jaji na kila mtu anajua ilikuwa Idd. "Nilifungua," akasema. Wakili wangu akasimama haraka, "Mzee, shamba lilifanya kazi au halikufanya?" Akajibu bila kumtazama mtu: "Siku ya Idd hakuna kazi." Nikapiga ukelele. Sikumbuki nilisema nini, dada anasema nilimwita kwa jina la baba yake, kama tusi. Askari akanitoa nje. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi Mzee Selemani alipotoka, viatu vyake amevishika mkononi, akapita kando yangu peku kwenye kokoto. Nilimwona kisogo tu.

Hukumu ilisomwa kabla ya Ramadhani nyingine. Jaji alisema mahakama inasikitika sana na inampa pole mjane, lakini mwajiri hawajibiki kwa mtumishi aliyejiondokea siku ya mapumziko kwa shughuli zake. Alisema sana, kwa Kiswahili kizuri. Neno "pole" nililisikia. Idd ilipofika nilijaribu kula nikashindwa mpaka jua lilipopinda, na mpaka leo ni hivyohivyo. Watoto wa shule ya jirani wanakuja kwa mkono wa Idd, nawapakulia pilau, nawatazama wanavyokula. Mwajuma alitaniwa shuleni, nani asiyejua watoto. Aliwahi kuniuliza, akiwa darasa la chini, "Mama, baba aliiba kweli?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia yuko mtu mmoja. Na baadaye nikasikia kwamba Ijumaa iliyofuata kesi yetu, Mzee Selemani hakuswalisha. Alisimama safu ya nyuma, na safu ya nyuma akakaa mpaka mwisho wa maisha yake. Nilifurahi. Eti adhabu. Sasa nikifikiri, ilinisaidia nini? Mwizi alibaki mwizi.

Basi siku ya kumzika tulipanda gari la Kilosa mimi na Mwajuma, tukapita kijiji cha Ulaya kwenye vumbi, tukafika watu wameshajaa. Tuliingizwa uani kwa wanawake, tukapewa mkeka karibu na mlango. Nilikuta harufu ya ubani na maji ya marashi, na wanawake ambao niliwaacha na nguvu zao sasa wanashikwa mkono wakiinuka. Wakanisogezea nafasi. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Nje, upande wa wanaume, spika ilikuwa inakoroma, kisha sheikh akaanza yale yanayosemwa msibani kwetu kabla maiti hajainuliwa: ndugu yetu aliishi na sisi, mwanadamu hakosi kukosea, tumsamehe. Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Mwajuma akanitazama. Mimi sikuitikia. Sheikh akaendelea, "Na mwenye kumdai marehemu, kwa lolote, ajitokeze sasa, warithi wapo." Kwa desturi huwa ni kauli ya kupita tu. Nikasikia magoti yangu yakilia. Nilikuwa nimesimama.

Mwanamke hasimami pale. Nilijua. Nilitoka mlangoni mpaka kwenye turubai la wanaume, Mwajuma nyuma yangu ananivuta kanga, jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani mbele yangu. Nikasema, "Mimi ninamdai." Sheikh, kijana ambaye hakuwa amezaliwa mwaka ule, akaniuliza kwa heshima, "Unamdai nini, mama?" Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi kwa hasira, na sasa sauti ilitoka ndogo kabisa. "Ninamdai neno. Aliulizwa mahakamani kama watu walikwenda kazini siku aliyokufa mume wangu. Alikuwa na jibu, hakulitoa. Ninalitaka." Wazee wakaangalia chini. Rajabu, mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, akainuka kutoka miguuni mwa baba yake, akachukua kipaza sauti kwa sheikh.

"Deni la baba ni langu," akasema. "Na hili nalijua, kwa sababu aliniachia. Alisema, mwite Mama Mwajuma, na akinyamaza, usinyamaze wewe." "Jamani, Fatiha iliyosomwa naiheshimu. Lakini siku ile mwezi hatukuuona. Tulifunga. Baba aligonga kengele, watu wote wa shamba walikwenda kazini, na Hamisi alitumwa na baba kupeleka maji. Hakuiba. Alitumwa na Serikali, akafa katika kazi ya Serikali." Kwenye safu ya nyuma mzee mmoja aliyekuwa mpaliliaji akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Ni kweli. Nilikuwepo. Nilikuwa nangoja hayo maji." Kanga yangu ikalegea nyuma. Mwajuma alikuwa ameiachia. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, mwanamke mzima, mwalimu wa watu, analia kama wa darasa la kwanza.

Rajabu akanigeukia. "Mama, limelipwa?" Nikalitazama lile jeneza. Nilimfikiria Jaji, ambaye labda naye ameshakufa, na yule kijana mwenye adabu, na jalada langu mahali fulani katika kabati, ambamo siku ile ni Idd na itakuwa Idd milele. Serikali haifi. Haiwekwi mbele ya watu ikafunikwa kitambaa, akasimama mtu kuuliza nani anaidai. Mzee Selemani alikuwa mtu tu, na mtu huja siku akalala pale, akaulizwa.

"Lake limelipwa," nikasema. "Mwinueni."